Springi ngumu haitakushika

SWALI: Nimenunua kamu nne za kupandia miamba, zile za mabawa zinazopachikwa kwenye ufa ili kamba ikushike ukianguka, zilizotumika. Moja bawa lake linarudi kivivu ninapoachia triga, kile kivutio cha kukunja mabawa. Fundi pikipiki anasema ataniwekea springi ngumu zaidi ili ing'ang'anie jiwe. Nikubali? – Mpandaji, Mwanza

JIBU: Usikubali, ndugu yangu. Lakini fundi tumwache kwanza, maana hakuanza yeye. Tatizo ni imani kwamba springi ndiyo inayokushika ukianguka, na swali hili halikomi kuulizwa.

Springi ya kamu unaishinda kwa vidole viwili. Itambebaje mtu wa kilo 80 anayedondoka? Kazi yake ni kuyagusisha mabawa kwenye mwamba hadi uzito ufike, basi. Kuanzia hapo umbo la bawa ndilo linalofanya kazi. Ukingo wake umechongwa kwa mkunjo unaopanuka kama ganda la konokono, ili popote linapogusa, mstari wa kutoka ekseli hadi kwenye mguso ubaki umeinama kwa pembe ileile. Kwenye Friends, kamu alizobuni Ray Jardine na zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Wild Country mwaka 1978, pembe hiyo ni nyuzi 13.75. Tanjiti yake, yaani mwinamo huo kwa namba, ni 0.245, na hapo ndipo siri yote ilipo: msuguano kati ya aluminiamu na jiwe ukizidi namba hiyo, kamu inakaa, ukipungua, inachomoka, hata ukiifunga springi ya lori.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Kila upande wa ufa unasukumwa kwa nguvu karibu mara mbili ya uzito uliopo kwenye mkanda wa kamu, ule unaounganishwa na kamba. Ukining'inia na kilo zako 80, kila ukuta unapokea takriban kilo 160. Anguko la kilonewton 5, yaani kama uzito wa kilo 500, linakuwa kama tani moja kila upande. Sasa tazama mawe yetu ya Mwanza yalivyopangana, moja juu ya jingine. Nafasi kati ya mawe mawili yaliyoegemeana si ufa wa mwamba mmoja. Jiwe la juu likisogea kidogo tu, mabawa yanafunguka na kamu imekwisha.

Halafu mawe haya ni ya mviringo, nyufa zake zinafunguka kwa nje kama mdomo wa mtungi. Kila ukuta ukitanuka nyuzi 5 kuelekea unakovutia mkanda, msuguano unaohitajika unapanda kutoka 0.245 hadi 0.34. Papasa ukuta kwa kiganja kabla ya kuweka. Zikitoka chenga kama sukari, bawa litakaa juu ya chenga, na chenga zitaviringika kama gololi. Hapo hapafai.

Bawa lako, kwa dalili ulizotaja, huenda lina mchanga tu. Loweka kichwa cha kamu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, piga mswaki kati ya mabawa huku ukivuta na kuachia triga mara thelathini hivi, suuza, kausha kivulini kwa sababu jua linaua nailoni. Kisha tone la kilainishi cha nta kwenye ekseli, na ufute nyuso za mabawa zibaki kavu kabisa. Usitumie oili ya injini wala grisi: zinakusanya vumbi upya, na zikifika kwenye uso wa bawa zinapunguza ule msuguano unaokubeba.

Springi iliyovunjika hubadilishwa kwa springi ya mtengenezaji huyohuyo. Na fundi akikuahidi mengine, mkatalie pia. Kupiga tupa bawa lililobonyea kunaharibu pembe. Kuchomelea ni kubaya zaidi, maana aluminiamu hiyo imepewa ugumu kwa joto maalumu, na moto wa kuchomelea unaurudisha kuwa laini bila alama yoyote ya kuonekana. Wauzaji wa vifaa vilivyotumika nao hupaka rangi na kubadili uzi wa triga, kamu ikang'aa kama mpya. Wewe tafuta tarehe kwenye mkanda. Ukipita miaka kumi tangu utengenezwe, hata kama haujatumika, umekwisha.

Bawa likikwama bado baada ya kuosha mara mbili, kagua ekseli. Kama imepinda, kata mkanda kwa kisu ndipo utupe, asije mwingine akaiokota na kuiuza sokoni.