Jibu: Umeme ukikatika king'ora kinalia, lakini ujumbe haufiki kwenye simu

Habari za kazi, ndugu. Umeeleza kwamba kengele ya ulinzi ya duka lako hapo Dodoma hutuma ujumbe kupitia laini ya simu umeme ukiwepo, lakini umeme ukikatika king'ora hulia na ujumbe haufiki.

Anza na betri ya akiba iliyo ndani ya kengele. Moduli ya GSM, yaani kifaa kinachotuma ujumbe kwa laini ya simu, ikiwa imetulia hutumia umeme kidogo, ila inapotuma kwa mtandao wa 2G huvuta hadi karibu ampea 2 kwa ghafla, na kwa kuwa king'ora nacho kinavuta wakati huohuo, betri iliyochoka hushuka volti, moduli ikazima kabla ujumbe haujaondoka. Zima swichi ya ukutani, weka mita ya kupimia volti kwenye ncha za betri ya volti 12, kisha amsha kengele huku ukiisoma. Betri ikishuka chini ya volti 11, nunua nyingine. Mafundi wengi huipima ikiwa bado inachajiwa, na kipimo hicho hudanganya. Joto la chini ya bati nalo huzimaliza mapema.

Betri ikiwa nzima, tazama simu yenye mtandao huohuo wakati umeme haupo: ikipoteza mawimbi, mnara wa jirani umezimika, hivyo weka laini ya kampuni nyingine. Salio usihangaike nalo, maadamu ujumbe hutoka umeme ukiwepo.