Pleya ya kompyuta haina besi yake: jibu kwa msomaji wa Nakuru

SWALI: Habari Fundi. Niko Nakuru, Section 58. Nasikiliza muziki kwa laptopu ya Windows, natoa na USB kuingia DAC ndogo (kile kisanduku cha kugeuza namba kuwa sauti) halafu amplifaya ya kitambo niliyoachiwa na mzee na spika mbili za mbao. Napenda rumba, benga za zamani na kwaya. Juzi jamaa mmoja hapa mjini mtaalamu wa hi-fi alikuja kwangu akanichezea wimbo mmoja kwa pleya ya VLC, kisha Winamp, kisha foobar2000 yenye anasema "ameitengeneza". Ukweli ni kwamba ile ya tatu ilifunguka, besi imeshiba, mwimbaji yuko mbele kabisa. Anataka 4,000 aniwekee, na anaongeza diski imejaa FLAC, zile faili za muziki zisizopoteza kitu. Rafiki yangu naye anasema hizo zote ni takataka, ninunue pleya za kulipia, JRiver ama Audirvana. Kwa mtu anayejali sauti ni gani inashinda? Pia kuna mngurumo kidogo nikichaji laptopu, jamaa anasema atautoa kwa bei hiyohiyo.

JIBU: Salama sana ndugu yangu. Hili swali naletewa hapa Kisumu kila wakati na karibu kila mara linakuja na bei ya mtu ndani yake, leo ni 4,000, kesho ni zaidi. Wacha nianze na hiyo bei. foobar2000 ni ya bure. Unaingia kwa tovuti yao unadaunlodi, haufiki hata megabaiti ishirini, unaweka, basi. Tena wenyewe walioitengeneza wameandika hapo hapo kwa maswali yao ati haina sauti bora kuliko pleya zingine, na kwamba tofauti nyingi zenye watu wanadai kuskia ni akili zao zinawadanganya. Aliyeianzisha, Peter Pawlowski, alikuwa amefanyia kazi Nullsoft, wale wale wa Winamp, kwa hivyo ni mtu anajua anachosema. Sasa mwenye mali anakuambia haina uchawi, halafu broka anakuuzia uchawi. Hapo ndio mimi huishiwa na subira.

Kitu chenye watu hawataki kukubali ni kwamba pleya haina sauti. Kazi yake ni kufungua faili, kuigeuza kuwa namba, na kuzikabidhi Windows kwa mpangilio. CD ni namba 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kila moja ya biti 16, imekuwa hivyo tangu CD zianze kuuzwa 1982. Faili ya FLAC ikifunguliwa inarudisha namba zilezile zilizoingia, hakuna hata moja imepotea, na ndani ya faili yenyewe kumewekwa alama ya MD5 ya kuhakikisha hivyo, kwa hivyo faili ikikaguliwa, kosa linajulikana. MP3 nayo, kiwango chake kilichapishwa 1993 na kinasema wazi namna ya kuifungua. Tofauti ya MP3 inaletwa na yule aliyeitengeneza faili, alitumia programu gani na alifinya kiasi gani, sio yule anayeicheza. Kwa hivyo VLC ikifungua wimbo wako na foobar2000 ikifungua huohuo, kama hakuna mtu amegusa kitu njiani, DAC yako inapokea kitu kimoja. Besi iliyoshiba itajificha wapi kati ya namba zilezile? Ikiwa kweli imeongezeka basi kuna mtu amebadilisha namba, na hiyo kitu ina jina la kawaida tu, inaitwa ikwalaiza, iko bure ndani ya karibu kila pleya.

Na sisemi hukuskia. Uliskia, nakuamini, hata mimi ningekaa kwa hicho kiti ningeskia, manake wimbo ulikuwa tofauti kweli. Swali ni ulikuwa tofauti kwa nini. Mara nyingi ni voliumu tu. Sikio likipewa sauti mbili zinazofanana, moja imezidi kidogo sana, chini hata ya desibeli moja, halisemi hii ni kubwa, linasema hii ni safi, imefunguka, mwimbaji yuko mbele. Ndio maneno yako hayo hayo. Tena voliumu ikipanda besi ndio inaonekana kuongezeka zaidi, kwa sababu sikio la binadamu ni zito kwa besi sauti ikiwa chini, hiyo Fletcher na Munson walishaipima 1933. Wauza redio wote wa mjini wanaijua hii hata kama hawajawahi kuskia hayo majina, ndio maana ile wanataka ununue wanaichezesha mwisho na mkono uko kwa nobu.

Kwa kompyuta hata mkono hauhitajiki. VLC inakuruhusu kupita asilimia 100, ukiipitisha inaanza kukwaruza vilele vya sauti, unasema VLC ni mbaya. Winamp ya mtu imebaki na ikwalaiza aliyoweka akiwa chuo. Halafu kuna ReplayGain, hii inapunguza nyimbo zilizorekodiwa kwa kelele ili zote zilingane, na kwa muziki wa siku hizi inaweza kushusha desibeli nane hata zaidi, kwa hivyo pleya moja ikiwa nayo na nyingine haina, yenye inayo itaonekana imekufa kabisa. Sasa huyo jamaa kusema "ameitengeneza" foobar2000, mimi nasoma hapo ameongeza besi kidogo na voliumu kidogo. Fungua Preferences, halafu DSP Manager, pale madoido ya sauti yanapowekwa, utaona mwenyewe alichoweka.

Ukitaka kujua ukweli bila kuniamini mimi wala yeye, tafuta multimita, hata ya bei rahisi. Cheza toni tupu ya 100 Hz kwa kila pleya, zima kila madoido, pima volti za AC kwa waya zinazoingia spika, na usawazishe mpaka zikaribiane kabisa, ikiwa moja inasoma 1.00 nyingine iwe kati ya 0.99 na 1.01. Natumia 100 Hz kwa sababu multimita za bei rahisi zinadanganya ukipanda juu. Halafu mwambie mtu wa nyumbani, mama watoto ama kijana, akubadilishie bila wewe kuona na bila kukwambia, mara nyingi, aandike kwa karatasi. foobar2000 ina kiongezo cha bure kinaitwa ABX cha kufanya hivi, lakini hicho ni cha kulinganisha faili, sio pleya. Mwite na huyo mtaalamu akae kwa hicho kiti. Mimi hapa dukani nikileta hiyo karatasi watu wanakumbuka ghafla wako na haraka.

Na wale hawaamini masikio kabisa, kuna njia ya kukamata namba zinazotoka pleya mbili kabla hazijafika DAC, unazipanga kwa Audacity zianzie sampuli moja, unageuza moja kichwa chini, unazijumlisha. Zikiwa sawa zinauana, unabaki na kimya kabisa, mstari mnyoofu. VLC iliyoachwa 100 bila madoido na foobar2000 kwa njia ileile, hicho kinachobaki ni hewa.

Sasa kuna sehemu moja tofauti iko, na nisikufiche. Windows kwa njia yake ya kawaida inapitisha sauti zote kwa mikisa moja, ya wimbo na ya ile kengele ya WhatsApp, na inazigeuza zote ziwe kiwango kimoja, mara nyingi 48 kHz, hata kama wimbo wako ni 44.1. Laptopu nyingi pia zinakuja na madoido ya kampuni juu yake, vitu vya kukuza besi za vispika vidogo, na hayo yakiwashwa kwa DAC yanaharibu kweli. Ingia mipangilio ya sauti ya Windows, chagua DAC yako, zima madoido yote, weka 44.1 kHz kama muziki wako mwingi ni wa CD. Ukitaka kupita mikisa kabisa, foobar2000 za sasa ziko na njia ya exclusive pale kwa Output, inashika DAC peke yake na kengele ya WhatsApp haitaskika tena, hiyo pekee mimi naona inatosha. Kama utaskia tofauti ya kugeuza 44.1 kuwa 48 kwa Windows za siku hizi, hongera, mimi siskii. JRiver na Audirvana ni programu nzuri, Roon pia, lakini pesa unalipia kupanga maktaba, picha za albamu, kuongoza na simu ukiwa kwa kochi. Ukiwa na albamu elfu kadhaa huenda ikakufaa. Sauti hutaongezewa.

Shida yangu kubwa ni kwamba hii biashara haiishi kwa pleya. Mtu akishaamini programu ina sauti, ataamini chochote. Atauziwa pleya "inayocheza kutoka RAM" kana kwamba kuna yenye haichezi kutoka RAM, zote zinavuta kipande cha wimbo kwa RAM kwanza. Atauziwa programu ya kuzima huduma za Windows ili "sauti ipumue". Omera, kompyuta ikilemewa hutaskia besi imepungua, utaskia inakatika, inapiga tak tak, inaruka. Digitali ikiharibika inaharibika kwa aibu, hata mtoto atajua. Atauziwa kebo ya USB ya elfu kumi ya kuondoa jita, yaani mapigo ya saa kuyumba, na DAC nyingi za sasa ni zile zinazoomba data zenyewe kwa saa iliyo ndani yao, mapigo hayatoki kwa kompyuta hata kidogo. Na nyingi ya hizo programu za flashi zimekrakiwa, mtu anaondoka na 4,000 anakuachia na virusi inayosoma nenosiri lako la benki.

Hiyo diski ya FLAC usiilipie kabla ya kuiangalia. Daunlodi Spek, ni ya bure, buruta faili ndani uone picha yake. Wimbo uliotolewa YouTube ama MP3 ya 128 halafu ukageuzwa FLAC mara nyingi utaona umekatwa wima hapo 16 kHz, mstari umenyooka na juu yake giza tupu. Ni kama kuweka omena kwa sahani ya ngege ukingoja inenepe. Ila uwe mwangalifu na benga za santuri, hizo zenyewe hazikuwa na mengi huko juu, lakini zinafifia polepole zikienda na kelele ya sindano, hazikatiki wima. Na kugeuza kitu kiwe 192 kHz hakuongezi lolote, kunajaza diski tu.

Hizo 4,000 ukiwa nazo nunua pazia nzito na kapeti. Sijaona chumba chako lakini kama ni sakafu ya simiti, kuta za plasta na madirisha ya kioo, basi nusu ya unachoskia ni ukuta. Vuta spika kutoka kwa kona, hiyo tu itabadilisha besi kuliko pleya zote nilizotaja.

Sasa mngurumo. Kama unaanza ukichomeka chaja na unaisha ukiwa kwa betri, basi unaingilia chaja, unapita waya wa USB kuingia DAC na kuelekea amplifaya, hakuna programu itautoa. Jaribu kuchomeka laptopu na amplifaya kwa ekstensheni moja. Ikikataa, weka transfoma ndogo ya kutenga waya za sauti kati ya DAC na amplifaya, ama sikiliza na betri.

Lakini najua atakachofanya kwa hiyo bei yake, nimefungua plagi nyingi sana za watu hapa Kondele na hata za kanisa huko Luanda ya Vihiga nikapata kazi ya watu kama yeye. Anakata waya wa arthi. Mngurumo unaisha kweli, mteja anafurahi, analipa. Halafu siku transfoma ya amplifaya inapochoka na umeme kugusa mwili wa chuma, hakuna njia nyingine ya zile volti 240 kwenda ardhini isipokuwa wewe, miguu tupu kwa sakafu ya simiti, mkono kwa nobu ya voliumu. Hakuna wimbo wa thamani hiyo.

Amplifaya ya mzee kama ni ya kitambo huenda imeshapita kwa mafundi wengi kabla yako. Ichomoe ukutani kabisa, fungua plagi, angalia waya wa kijani na njano umefungwa kwa ile pini kubwa ya juu. Kama waya wake ni mbili tu, tazama nyuma kama kuna alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo ilijengwa bila arthi na iko salama hivyo. Kama alama haipo na mwili ni chuma, ipeleke kwa fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, aiwekee arthi wiki hii, mambo ya pleya mtabishana baadaye.