Kama kani ni sawa, mbona mtumbwi ndio uliovunjika?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma sekondari, nyumbani ni Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Mtumbwi wa baba mdogo ulikuwa umetia nanga karibu na ufukwe, ikaja boti ya chuma ya mizigo ikaugonga ubavuni. Mtumbwi ulirushwa, mbao mbili zikapasuka. Boti haikuonyesha dalili yoyote. Darasani tunafundishwa kuwa vitu viwili vikigongana, kila kimoja humsukuma mwenzake kwa kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ileile. Nikimwambia hivyo baba mdogo anasema shule inatudanganya. Nani yuko sahihi? Na kama momenta haipotei, mbona mwishowe vyote viwili vilisimama?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, na baba mdogo wako pia hajakosea alichokiona. Kosa liko katikati: tunaona madhara tofauti, tunadhani kani nazo zilikuwa tofauti.

Tuchukue tarakimu za mfano. Boti ina tani 12, yaani kilo 12,000, inakwenda mita 3 kwa sekunde. Mtumbwi na vyombo vyake ni kilo 400, umetulia. Momenta ni tungamo (wingi wa kitu, tunaoupima kwa kilo) mara kasi, pamoja na uelekeo wake. Kwa hiyo kabla ya kugongana boti inayo 36,000 na mtumbwi una sifuri. Tuseme baada ya kugongana vimekwenda pamoja, boti ikiusukuma mtumbwi mbele yake. Momenta ileile 36,000 sasa inabebwa na kilo 12,400, na kasi inakuwa mita 2.9 kwa sekunde.

Tazama hapo kwa makini. Boti imeshuka kutoka 3 hadi 2.9, nahodha akiwa anaongea na simu anaweza asihisi kitu. Mtumbwi umetoka sifuri hadi 2.9 kwa kufumba na kufumbua. Lakini piga hesabu ya momenta: mtumbwi umepata kama 1,160, na boti imepoteza 1,160 hiyohiyo. Kama kugongana kulichukua sehemu ya tano ya sekunde, gawanya kwa 0.2, unapata wastani wa kani ya niutoni 5,800 (niutoni ni kipimo cha kani). Ubavu wa mtumbwi ulipokea niutoni 5,800, na pua ya boti ilipokea niutoni 5,800 kuelekea nyuma. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, aliyoitoa mwaka 1687, na haijali nani mkubwa.

Kilichotofautiana ni mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Kani ileile ukiigawa kwa kilo 400 unapata 14.5, ukiigawa kwa kilo 12,000 haifiki hata 0.5. Mara 30, kama tungamo zao zinavyopishana. Kwa hiyo mtumbwi ukaruka, boti ikapungua mwendo kidogo tu.

Kupasuka kwa mbao ni suala jingine kabisa, na wanafunzi wengi hulichanganya na hili la kwanza. Kitu hakivunjiki kwa kuwa ni chepesi. Kinavunjika kani inapozidi uwezo wa kile kilichotumika kukitengeneza. Niutoni 5,800 kwenye bati nene la chuma lenye mbavu za chuma nyuma yake ni kitu kidogo. Kwenye ubao uliopigiliwa misumari, tena pale maungio yalipolegea, ni nyingi. Ungeweka mtumbwi wa chuma wenye kilo zilezile 400, ungerushwa vilevile, ila huenda usingepasuka.

Na kuna jambo ambalo vitabu vya sekondari hulipita, nami nadhani ndilo lililomaliza mbao za baba mdogo. Mtumbwi uligongwa ubavuni. Ukiusukuma mtumbwi kwa mbele, maji yanapasuka na kuupisha. Ukiusukuma kwa ubavu, ni lazima na maji yaliyo upande wa pili yasogee pamoja nao, na maji nayo ni mazito. Wahandisi wanaosanifu magati huyahesabu maji hayo kama tungamo la ziada la chombo. Tuseme maji yanayosogea ni kilo 400 nyingine. Rudia hesabu kwa kilo 800: kasi ya pamoja ni kama 2.8, momenta iliyohama ni 2,250, na kwa muda uleule wa 0.2 kani inakuwa niutoni 11,250. Karibu mara mbili! Ubao umebanwa, chuma huku, maji kule. Mtumbwi ule ungegongwa kwenye pua, pengine ungezungushwa tu.

Sasa swali la pili. Momenta haipotei ndani ya kundi la vitu ambavyo hakuna kingine cha nje kinachovisukuma. Katika ile sehemu ya tano ya sekunde, kani ya mgongano ni kubwa kuliko nyingine zote, kwa hiyo hesabu yetu inakaribia ukweli. Baada ya hapo injini imezimwa, maji yanavuta, kamba ya nanga inavuta, na momenta inahamia ziwani na kwenye tope la chini kidogo kidogo. Imeondoka kwenye boti na mtumbwi, haikufutika.

Usiichanganye na nishati. Katika hesabu yetu ya kwanza nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachosogea, ilikuwa juli 54,000 (juli ni kipimo cha nishati), baada ya kugongana ni kama 52,260. Zile juli 1,740 zinazokosekana ndizo zilizopasua mbao, zikatoa kishindo na kupasha joto kidogo. Ndiyo maana migongano mingi huhifadhi momenta bila kuhifadhi nishati mwendo.

Mwambie baba mdogo afunge matairi chakavu ubavuni, kama unavyoyaona kwenye magati ya vivuko. Tairi haipunguzi momenta inayohama. Inarefusha muda. Ukitoka 0.2 hadi 0.5 ya sekunde, niutoni 11,250 zinashuka hadi 4,500, na huo ubao unaweza kuzimudu.

Kama bado anabisha, azima mizani mbili za kuning'iniza, zile za kupimia samaki. Zipachike ndoano kwa ndoano, moja uifunge kamba inayoshikwa ndani ya mtumbwi mtupu, nyingine kamba inayoshikwa ndani ya mtumbwi uliojaa mawe. Fanyeni kwenye maji ya magotini, asubuhi kabla upepo haujaamka. Mtu mmoja ndani ya kila mtumbwi ashike kamba ya mizani yake na kuvuta polepole, mwingine asimame majini asome zote mbili kwa wakati mmoja. Mtumbwi mtupu utakimbilia ule mzito, lakini mishale ya mizani itasoma kilo zilezile. Mpe baba mdogo kazi ya kusoma.