Cienciano kumfunga River, kweli ilikuwa hewa tu?

SWALI: Kaka habari za kazi. Hapa kijiweni tumebishana wiki nzima. Mimi nasema kuna timu ya mkoani huko Peru inaitwa Cienciano iliwahi kumpiga River Plate ya Argentina fainali ikabeba kombe, wenzangu wanasema hata kama ni kweli ule haukuwa mpira, ni mlima, eti wageni wanafika kule wanakosa pumzi basi wanafungwa kilaini. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Wewe uko sahihi, na wenzako wako sahihi robo tu, ngoja nikueleze.

Cienciano ni timu ya Cusco, mji wa milimani kabisa, mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ukishapita kituo cha Mandara unaelekea Horombo, hapo katikati ndo kimo cha Cusco, sasa vuta picha unacheza dakika tisini hapo. Hewa nyepesi kweli, mgeni kichwa kinamuuma, miguu mizito, wenyewe ule ugonjwa wanauita soroche. Halafu mpira nao unakimbia kuliko kipa alivyozoea. Hilo silibishi, na FIFA wenyewe 2007 walipiga marufuku mechi za kimataifa kwenye viwanja vya juu sana, Peru na Bolivia wakapiga kelele wee mpaka mwaka uliofuata marufuku ikawekwa kando.

Ila sasa waulize wenzako hivi, hilo kombe la vilabu vya Amerika Kusini, Copa Sudamericana la 2003, Cienciano alilichukua wapi? Sio Cusco! Njiani alimtoa Católica ya Chile, robo fainali akakutana na Santos, Santos ile ya kina Robinho na Diego, akaenda kwao Brazil, pwani kabisa, hewa tele, akatoka sare ya 1-1 ndo akaja kumaliza nyumbani 2-1. Nusu fainali akamfunga Atlético Nacional ya Colombia 2-1 palepale kwao Medellín, nyumbani akaongeza 1-0. Fainali ya kwanza ilipigwa Buenos Aires, tarehe 10 Desemba, kwenye uwanja wa River, kocha wa River ni Manuel Pellegrini huyuhuyu aliyekuja kufundisha Real Madrid na Manchester City, mbele yupo Marcelo Salas, na Cienciano akawatia tatu. 3-3. Mlima gani huo uko Buenos Aires?

Marudiano ndo utamu wenyewe. Tarehe 19 Desemba, mji mwingine wa Peru, Arequipa, Cienciano wanapewa kadi nyekundu mbili, wanabaki tisa uwanjani, na katikati ya hizo kadi ikapatikana faulo nje ya boksi, Mparagwai Carlos Lugo akaipiga ikaingia, dakika ya 78. 1-0. Hadi leo nikiiangalia ile nasimama. Kipa Óscar Ibáñez alikuwa na miaka 36, straika Germán Carty 35, yaani watu ambao kwingine wangeshaambiwa wakapumzike, na Carty ndo akamaliza mfungaji bora wa mashindano. Kocha Freddy Ternero ndo aliyewaunganisha wazee wale, kauli yao ikawa “sí se puede”, inawezekana, nchi nzima ikawa inaimba hiyo.

Na ujue mpaka siku ile hakuna klabu ya Peru iliyokuwa imebeba kombe la kimataifa. Vigogo wote watatu wako Lima, Universitario alifika fainali ya Libertadores, kombe kubwa kabisa la vilabu Amerika Kusini, 1972 akapoteza, Sporting Cristal 1997 naye hivohivo. Akaja mtu wa mkoani. Tena hakuishia hapo, Septemba 2004 akacheza Recopa, mechi ya bingwa wa Sudamericana na bingwa wa Libertadores, na Boca Juniors ya Argentina kule Fort Lauderdale, Marekani, mji uko ufukweni, 1-1 halafu akamtoa kwa matuta 4-2. River na Boca wote ndani ya mwaka mmoja. Ndo maana mashabiki wake wanamwita El Papá, baba yao.

SWALI: Kama ni timu ya Cusco kwa nini fainali ikachezwa Arequipa? Na hilo jina maana yake nini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Uwanja wao ulikuwa mdogo, shirikisho la Amerika Kusini lilitaka fainali iwe kwenye uwanja wa watu 40,000. Wakahamia uwanja wa chuo kikuu kule Arequipa, mita kama 2,300 tu, wameshuka zaidi ya kilomita nzima, hapo hoja ya mlima inazidi kupungua. Baadaye uwanja wa Cusco ulipanuliwa, ukapewa mechi ya mshindi wa tatu ya Copa América 2004.

Jina ni la shule. Mwaka 1825 Simón Bolívar alianzisha shule ya Ciencias pale Cusco, yaani sayansi, na 1901 wanafunzi wake wakaunda timu. Cienciano ni mtu wa Ciencias, basi.

SWALI: Wako wapi siku hizi, mbona hatuwasikii? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Walipotea kweli dada yangu. Cha ajabu ubingwa wa Peru hawajawahi kuuchukua hata mara moja, wameshinda nusu msimu tu (Apertura ni nusu ya kwanza, Clausura ya pili), Clausura 2001, Apertura 2005, Clausura 2006, lakini fainali ya mwaka inawashinda. 2015 ulikuwa mwaka mbaya, Ternero ambaye alishageukia siasa na kuwa meya wa wilaya ya San Martín de Porres huko Lima, alifariki Septemba, na msimu ulipoisha timu ikashuka daraja. Wakakaa chini miaka minne. 2019 wakachukua ubingwa wa daraja la pili, 2020 wakarudi ligi kuu.

Ukitaka kuwaangalia jiandae kukesha, Peru wako nyuma yetu masaa nane, mechi ya saa tisa alasiri kwao huku ni saa tano usiku.