Jibu: Kupikia watu 40 kwenye igizo la siku mbili, Isyonje

Dada, pole na maandalizi. Umeuliza upike nini kwa watu 40 watakaocheza igizo, kila mmoja akiishi ndani ya uhusika wake siku mbili mfululizo, kule Isyonje, milimani Mbeya, mwezi wa saba.

Ugali uache. Wachezaji hawatakatisha vita vyao vya kuigiza eti chakula kiko tayari. Watakuja kumi, halafu sita, halafu kimya saa nzima, na kwa baridi ile ugali unakuwa jiwe. Pika wali na maharage, vinakaa vizuri juu ya makaa. Kwa mlo mmoja, mchele kilo 6, maharage kilo 4.

Ila maharage ndiyo yatakayokusumbua. Kwenye mwinuko kama ule, juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, kwa hiyo ukiongeza kuni unakausha mchuzi tu. Mwaka jana niliinjika saa nne asubuhi bila kuloweka. Saa tisa nikabonyeza punje kwa vidole: ganda likateleza, ndani bado gumu. Watu walikula wali kwa kachumbari, na iliniuma sana, maana kuna vijana walikuwa wametembea tangu alfajiri. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, na ufunike kwa mfuniko mzito. Nyanya ziingie maharage yakishalainika, zikitangulia yanakaza.

Asubuhi uji wa ulezi wenye tangawizi. Viazi utanunua hukohuko barabarani. Na uulize mapema nani anadhurika na karanga, kabla hujazitia kwenye mboga.