T zilizopinduka kwenye ECG: winga wetu acheze au akae nje?

SWALI: Daktari, pokea salamu zetu. Mimi ni kocha wa timu ya ligi ya chini huku Eastlands, Nairobi. Mfadhili alitulipia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya wachezaji wote. Winga wetu wa miaka 19 karatasi yake inasema T zimepinduka kuanzia V1, na kwamba huenda moyo wake haupati damu ya kutosha. Kliniki imemkataza kugusa mpira. Yeye mwenyewe hana shida, anawashinda wote kwa mbio. Nimekutumia picha ya karatasi. Je, mpira wake umeishia hapo? Na hawa wengine walioambiwa wako sawa, niondoe wasiwasi?

JIBU: Kocha, maneno hayo ya damu kutotosha hayakuandikwa na daktari. Yamechapwa na mashine, na mashine hiyo haijui kama aliyelala kitandani ni mzee wa miaka 60 mwenye maumivu ya kifua au kijana anayefanya mazoezi karibu kila siku. Kwa mzee, onyo lile lingekuwa na uzito. Kwa winga wako lazima tutazame mistari yenyewe.

T ni wimbi linaloonekana msuli wa moyo unapojiandaa kwa pigo linalofuata. Waya za V1 hadi V4 hutazama moyo kwa mbele, V5 na V6 huutazama kwa upande wa kushoto, iliko chemba inayosukuma damu mwilini. Wanamichezo weusi wana jambo lao hapa: T kupinduka V1 hadi V4, ikitanguliwa na mstari ulioinuka na kupinda kama kuba, ni hali ya kawaida kwao. Mwongozo wa kimataifa wa kusoma ECG za wanamichezo, uliotolewa mwaka 2017, unasema hivyo waziwazi: kama mchezaji hana dalili na kwao hakuna historia ya ugonjwa wa moyo, hahitaji vipimo zaidi kwa sababu hiyo pekee. Wapo vijana waliosimamishwa bure kwa sababu msomaji alizoea mioyo ya watu wengine.

Kuba hilo naliona kwenye picha yako. Tatizo ni kwamba picha imekatikia V4. T ikiwa imepinduka na V5 au V6 pia, habari inageuka kabisa. Hiyo haihesabiwi kuwa kawaida kwa mchezaji wa rangi yoyote. Hapo atahitaji ultrasound ya moyo, ambayo sisi huiita eko, na mara nyingi MRI ya moyo (picha za kutumia sumaku), kipimo cha kukimbia kwenye mashine na kile cha kuvaa kinasa mapigo kwa saa 24. Hata vyote vikitoka vizuri, atarudi kuangaliwa kila mwaka, maana ECG inaweza kuonyesha kasoro miaka kadhaa kabla ya msuli wenyewe kuonyesha ugonjwa. Kwa hiyo akae nje siku hizi chache mpaka karatasi nzima isomwe na daktari wa moyo.

Ugonjwa tunaoutafuta hasa ni wa msuli wa moyo kunenepa isivyo kawaida, ule uliokutwa kwa Marc-Vivien Foé wa Cameroon baada ya kuanguka uwanjani Lyon, Juni 2003. Mazoezi nayo hunenepesha moyo, ila chemba hutanuka pamoja na ukuta. Kwenye ugonjwa, ukuta hunenepa na chemba mara nyingi hubaki ndogo. Eko hupima yote mawili kwa milimita. Pakibaki utata, mchezaji husimamishwa mazoezi kwa wiki kadhaa na kupimwa upya: unene wa mazoezi hupungua.

Kuhusu wenye karatasi safi, usiondoe wasiwasi. Uingereza ilipima wachezaji vijana 11,168 kati ya 1996 na 2016, kwa ECG na eko pamoja. Waligundulika 42 wenye ugonjwa wa hatari. Baadaye wachezaji 8 kati ya waliopimwa walikufa kwa ugonjwa wa moyo, na 6 kati yao walikuwa wameambiwa wako sawa. ECG peke yake huona machache zaidi. Mshipa wa damu ya moyo ulioota mahali pasipo pake inaweza isiuone kabisa, na vali mbovu huipita kwa urahisi. Huku kwetu vali huharibiwa na homa inayofuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, kwa hiyo daktari awasikilize vifua wote. Mshambuliaji Kanu wa Nigeria aligunduliwa tatizo la vali mwaka 1996 alipopimwa Inter Milan, akafanyiwa upasuaji, akarudi kucheza miaka mingi.

Maswali hayana gharama. Nani amewahi kuzirai akiwa anakimbia? (Kuzirai baada tu ya kusimama hakutishi sana; kuzirai katikati ya mbio kunatisha.) Nani kwao kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40? Wakenya wengi watakujibu kwamba mjomba "alirogwa" au "alianguka tu". Usidharau jibu hilo, liandike.

Pesa ya mfadhili ikibaki, fundisheni watu kukandamiza kifua; Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo hayo. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, asiitike wala kupumua sawasawa, chukulieni moyo umesimama, hata kama anatapatapa kama mwenye kifafa. Msimmwagie maji. Anzeni kukandamiza na mtafute mashine ya kushtua moyo. Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, aliokolewa hivyo Copenhagen mwaka 2021. Kila dakika bila mshtuko hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, na ambulensi ya kupitia foleni ya Jogoo Road jioni unaijua.

Mwisho, karatasi uliyonitumia ina jina la kijana na namba yake ya simu. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na wakala akiiona bila maelezo anaweza kumfungia mlango. Mrudishie kila mchezaji karatasi yake, kisha ufute picha zilizo kwenye simu yako na kwenye grupu la timu.