Muulize Bi Fundi: Piki ya kupigia metali

Mwezi huu barua za vijana wa metali, ule muziki wa roki wa magitaa ya kunguruma, zimezidi za wote. Anayekijua kibanda changu cha kutengeneza magitaa hapa Mombasa, ambako redio huimba taarab kutwa, atacheka. Lakini hao ndio wateja wangu wanaokata nyuzi na kusaga piki, vile vibapa vya kupigia nyuzi, kuliko wengine, na maswali yao huwa ya maana. Tuanze.

*Shikamoo Bi Fundi. Napiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya metali. Gitaa tumelishusha sauti, uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, uko noti ya C, na disto, ule mkwaruzo wa makusudi wa sauti, imejaa. Piki yangu nimeikata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Tukienda polepole iko sawa, lakini tukiongeza kasi nyuzi nene zinatoa sauti ya matope, na mwenzangu wa solo analalamika kwamba nabaki nyuma ya ngoma. Muuzaji wa duka la muziki anasema ninunue piki ya bei kubwa kuliko zote alizonazo. Piki bora ya metali ni ipi hasa?*
*Mkono Mzito, Nakuru*

Marahaba mwanangu. Muuzaji tumweke kando kwanza, tuitazame hiyo kadi.

Kadi za benki hutengenezwa kwa unene mmoja dunia nzima, milimita 0.76, na nyingi ni za PVC. Kwenye piki za dukani unene huo ni wa katikati. Unamfaa anayepiga kodi za gitaa za kuimbia kanisani, au wa rumba anayetaka nyuzi zicheke. Wewe haukufai, na sababu utaiona kwa macho. Zima ampli, yaani kikuza sauti, shika kadi yako kama kawaida, uiegemeze kwenye uzi wa sita kisha usukume taratibu sana. Kadi itapinda kwanza, uzi utaachia baadaye, halafu kadi itacheza kidogo kabla ya kunyooka. Polepole huo mchezo hausikiki. Sasa fikiria wimbo wa kasi ya mapigo 180 kwa dakika, nawe unapiga noti nne kwa kila pigo: hizo ni mara 12 kwa sekunde moja. Piki haijanyooka kutoka pigo lililopita, tayari unaidai nyingine. Mwenzako hajakuonea.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwa metali ni ugumu. Piki isipinde, kinachopinda kiwe uzi peke yake. Mimi huwaambia wateja waanzie milimita 1 kwenda juu. 1.14 ni pa kuanzia pazuri, 1.38 pia, na wako wanaoipenda 1.5. Ukipita 2 unaingia kwenye piki nene ambazo zisipochongwa vizuri ukingoni hugonga uzi kwa kishindo kibutu, ukarudi kwenye matope yale yale.

Lakini namba ya unene hudanganya usipotazama na malighafi. Nailoni ya milimita 1 inakubali kupinda kuliko Ultex ya milimita 1. Ultex ni plastiki ngumu ya manjano inayopitisha mwanga. Ukiidondosha mezani inalia, na sauti yake kwenye uzi ni kali, yenye mlio wa juu. Delrin, ile inayotumika kwenye piki za Tortex za kampuni ya Dunlop, haina mng'ao, inashikika kama iliyopakwa poda, na sauti yake iko katikati. Seluloidi, ile yenye madoadoa ya kahawia, ina sauti tamu ya joto, ila mpiga metali huisaga upesi mno.

Cha pili ni ncha. Piki ya kawaida ina ncha ya mviringo. Uzi unapanda juu ya mviringo huo, unateleza, ndipo unaachia. Ncha iliyochongoka inaachia mara moja, na ukiziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea, kila noti inasimama peke yake. Piki ndogo ya Jazz III imependwa na wapiga metali kwa sababu hiyo, ingawa jina lake linasema jazi. Hata hivyo usichukulie udogo kuwa sheria. Kwenye bendi ya Metallica, Kirk Hammett wa solo ana toleo lake la Jazz III, na James Hetfield wa rithimu, ambaye mkono wake wa kulia unapiga kwenda chini tupu kwa kasi ya kutisha, ana toleo lake la Ultex lenye umbo kubwa zaidi, nalo huuzwa kwa unene wa 0.73, 0.94 na 1.14. Bendi moja, miaka mingi jukwaa moja, piki mbili tofauti. Mkono wa rithimu unataka cha kukamata. Mkono wa solo unataka kitu kisichochomoza sana kwenye vidole.

Cha tatu wengi hawakitazami kabisa: ukingo. Pitisha ukucha wa gumba taratibu kuzunguka piki. Ukikwama kwenye kijistari chembamba, huo ni mshono wa kalibu au alama ya mashine ya kukatia, na huo mshono ndio ule mkwaruzo unaousikia juu ya nyuzi za chini ukadhani ni ampli. Piki nzuri ukingo wake umelainishwa pande zote mbili. Yako ikiwa na mshono, usiitupe. Tandaza msasa namba 600 mezani, uisugue ukingoni kwa kuilaza kidogo, umalizie kwa msasa namba 1000, kisha uisugue kwenye jinzi uliyovaa mpaka ing'ae. Dakika chache tu.

Sasa kuhusu bei. Zipo piki za kuchongwa kwa mkono, moja ina bei ya pakiti nzima ya hizi nilizotaja. Sikukatazi, ila wewe hujajua bado mkono wako unataka nini. Nunua tatu za tofauti: Tortex ya 1.14, ambayo ni ya zambarau. Jazz III ya nailoni nyekundu. Na Ultex ya 1.14. Jirekodi kwa simu ukipiga kipande kimoja na zote tatu, kwanza bila disto, maana disto inaficha uchafu wa mkono. Ile ambayo noti zake unaweza kuzihesabu ndiyo yako. Na usizamishe piki kwenye nyuzi. Ncha ivuke uzi milimita mbili hivi, basi, na uilaze kidogo ili ukingo ndio uguse, si bapa lote. Mwenye kuchimba huchelewa hata akipewa piki ya dhahabu.

Kuhusu bandia, ambazo zimejaa: jaza glasi maji, izamishe piki kwa kidole hadi chini, kisha uachie. Lazima uizamishe, kwa sababu kitu chepesi na bapa huweza kukaa juu ya maji hata kama ni kizito kuliko maji. Nailoni, Delrin, Ultex na seluloidi zote hubaki chini. Ikipanda juu, umeuziwa plastiki ya ndoo. Na seluloidi ya kweli ukiisugua kwa nguvu kwenye kitambaa hadi ipate moto, inanukia kafuri, kwa sababu kafuri imo ndani yake.

*Bi Fundi, shikamoo. Kwetu Tanga joto unalijua. Nikipiga nyimbo mbili piki inaanza kuzunguka vidoleni, na ya nailoni naona kama inalegea msimu wa mvua. Nimechanganyikiwa au ni kweli?*
*Jasho Jingi*

Marahaba. Ni kweli tupu. Nailoni hunywa unyevu wa hewa, na ikishanywa inalainika. Anayepiga Nairobi halioni sana. Sisi wa pwani tunaliona. Jazz III ile nyekundu niliyomsifia kijana wa Nakuru, wewe itafute ya Ultex, au hamia Tortex. Hiyo poda ya Tortex kwenye jasho hushika vizuri kuliko zote za kung'aa.

Kama una piki unayoipenda na inateleza, ikwaruze katikati, pale gumba linapokaa, kwa msasa namba 220, mistari ya kwenda na ya kukatiza. Wengine huitoboa matundu matatu kwa sindano iliyopashwa moto. Ya Ultex itakushinda kwa sindano, tumia keekee. Ya seluloidi usiisogeze motoni kabisa, inawaka kama petroli. Baada ya hapo tazama namna unavyoishika. Wapiga metali wanaokuja kwangu hubana piki mpaka ukucha unakuwa mweupe, na kadiri wanavyobana ndivyo jasho linavyozidi na kiwiko kinavyokakamaa.

*Bi Fundi, babu yangu aliacha kipande cha gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini. Rafiki yangu aliyeko Nairobi anapiga metali, anasema hakuna piki bora duniani kama ya ng'amba, na yuko tayari kunilipa nimchongee. Niuze?*
*Mwana wa Bahari, Lamu*

Usiuze, wala usichonge, wala usimtumie kwa basi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumiliki au kuuza nyara bila kibali, na biashara ya ng'amba kimataifa ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES tangu miaka ya 1970. Habari za hicho kipande nenda ukaulize kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hakijakuletea askari.

Rafiki yako hakutunga, lakini habari zake ni za zamani. Gamba hilo lilisafirishwa kutoka pwani yetu kabla ya gitaa kuzaliwa: Periplus, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, unalitaja pamoja na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Piki za gitaa na mandolini zilichongwa humo mpaka Luigi D'Andrea wa New York alipoanza kuzitengeneza kwa seluloidi mwaka 1922, na yale madoadoa ya kahawia ya seluloidi ni kuiga gamba la ng'amba tu. Sifa ya gamba ni utamu wa sauti kwenye gitaa la mbao. Ukiupitisha utamu huo kwenye disto ya metali, nani atausikia? Mwambie anunue Ultex.

*Dada, mimi ni mzazi. Mwanangu wa kidato cha tatu kila baada ya wiki mbili anaomba hela ya piki. Ni kiplastiki tu! Je, ananidanganya?*
*Mama wa Morogoro*

Hakudanganyi, dada. Piki hupotea, na zisizopotea husagika: nyuzi nene zimeviringwa waya, kwa hiyo kila pigo ni kama kupitisha ncha kwenye tupa. Ncha ikishakuwa ya mviringo upande mmoja anaweza kuigeuza atumie bega la piki, au aichonge upya kwa msasa kama nilivyoeleza juu. Kagua mifuko ya suruali kabla ya kufua, utazikuta kadhaa.

Kwa pesa, acha kumpa za moja moja. Tortex huuzwa pakiti ya 12 na humo bei ya kila moja hushuka. Ila kabla hujaenda dukani muulize anatumia namba ngapi, usimuulize rangi anayoipenda, kwa sababu kwenye Tortex rangi ndiyo unene. Ukimchukulia za njano kwa kuwa zinapendeza, hizo ni 0.73, na wiki ijayo ataomba hela tena.